Dakika Kumi za Ijumaa

Wiki tatu za kwanza nilimchukia Kitsao. Alikuwa anakoroma, na handaki letu lilikuwa jembamba. Mtu akikoroma mle, anakukoromea sikioni. Halafu siku moja nikamsikia akiulaani mchanga kwa Kigiriama. Kumbe ni mtu wa Gede, na mimi wa Matsangoni. Tumekulia kando ya barabara moja, tukaja kukutana Somalia, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo hata hao wenyewe hawakuweza kutueleza vilianzaje. Tangu hapo nikauzoea mkoromo wake.

Maisha ya handakini hayana hadithi. Unaamka, unakung'uta viatu kwa sababu ya nge, unajaza magunia mchanga uliomwagika jana. Unakula maharage ya mkebe. Unatazama vichaka vilevile mpaka macho yawashe, unapokewa zamu, unalala umekaa. Tangi la maji lilikuwa mita mia moja nyuma yetu, na mita hizo mia hazikuwa na pa kujificha. Kila asubuhi mmoja wetu alikwenda mbio na mitungi miwili. Simu zetu alikaa nazo afande. Ijumaa mchana kila mtu alipewa yake kwa dakika kumi.

Jumatano afande alituletea habari kwamba Pamela, mke wa Kitsao, amejifungua mtoto wa kiume. Jina lingesubiri Ijumaa. Kwetu baba ndiye hutamka jina la mwanawe wa kwanza, wazee wakisikia.

"Ni Mwambire, jina la baba yangu," Kitsao aliniambia. "Nikiwa hai, ni Mwambire."

"Na usipokuwa hai?"

"Wewe si Mgiriama? Unajua."

Nilijua. Mtoto hapewi jina la babake wakati babake anapumua. Akipewa, basi mwenyewe hayupo tena. Nikamwambia aache uchuro.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya maji. Kitsao akaanza kunibembeleza. Dakika kumi zisingetosha, alisema. Kuna mama, kuna Pamela, kuna ami zake wanaopenda kusalimiana mpaka jua lichwe.

"Nipe na zako, Nyale. Maji nitakuchotea mimi."

Nilikuwa nimechoka. Nikakubali, tena haraka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilivuta kofia usoni nikajinyoosha.

Adui alirusha kombora moja tu. Tulimkuta na mtungi mmoja mkononi, umejaa.

Afande alikataza mtu yeyote kupeleka habari. Jeshi lingetuma watu Gede, wenye sare zao na barua yao. Lakini mchana aligawa simu kama kawaida, na yangu ikalia kabla sijaishika vizuri. Kitsao alikuwa amewaachia namba yangu, ya kwake isipopatikana. Alikuwa mamake, mama Dorcas.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu ya Kitsao haishiki. Wazee wamefika tangu asubuhi, na Pamela yuko hapa na mtoto. Hebu mpe mwenyewe alitamke jina."

Nyuma yake redio ilikuwa inaimba, na wanawake wanapiga vigelegele.

"Yuko zamu, mama. Ameniachia mimi nilitamke."

"Haya basi. Tunasikia."

Nilikuwa nimepanga kusema Mwambire. Ningewapa siku moja zaidi ya furaha, labda mbili. Lakini huyo mtoto angeitwa Mwambire maisha yake yote, na jina la Kitsao lisingeitwa tena na mtu pale uani. Ulimi ukanishinda.

"Ni Kitsao," nikasema.

Nikadhani mtandao umekatika.

"Rudia, mwanangu. Taratibu."

"Mtoto ni Kitsao, mama."

Dakika zilikuwa bado nyingi, zangu na za Kitsao. Nilimsikia akipumua. Kisha akaiondoa simu mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pamela, nipe mtoto nimshike. Na nyinyi, hebu zimeni hiyo redio."