Ukaguzi wa Ukurasa wa Sita

Simu ya mdogo wake ilimkuta Fundi Meno ameshika taya la mtu. Lilikuwa taya la plasta, la mzee mmoja aliyebakiwa na ulimi tu mdomoni, nao, kwa maneno ya mkewe, ndio uliostahili kung'oka wa kwanza. Fundi Meno aliibonyeza simu kwa kiwiko na kuiacha iongee kwa sauti katikati ya makopo ya nta.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Sema upesi, nta inapoa."

"Zimebaki siku nne. Tumefika asilimia sitini na moja. Nahitaji neno lako moja tu."

"Neno gani?"

"'Nimechangia.' Basi. Halina hata nafasi katikati."

Fundi Meno aliguna. Mdogo wake alikuwa amesoma mita za maji kwa miaka tisa, akapandishwa kuwa mkaguzi kwa miaka miwili, halafu siku moja akaacha kazi ili atengeneze mchezo wa mezani. Aliuita Bomba. Unashika kadi za mabomba, unazipanga kutoka kwenye tangi hadi kwenye nyumba, na atakayefikisha maji kwenye nyumba nyingi ndiye mshindi. Sasa alikuwa ameuweka mtandaoni kwenye kampeni ya kuchangisha, mahali ambapo watu wanalipia mchezo kabla haujachapishwa, ili mwenyewe apate cha kuchapishia. Lengo lisipofikiwa Ijumaa saa sita mchana, kila mtu anarudishiwa chake, na mwenye mchezo anabaki na michoro yake. Alikwisha kumaliza akiba yake yote na nusu ya subira ya mkewe.

Na kwa nini neno la fundi wa meno bandia lilikuwa na uzito hivyo? Kulikuwa na kundi la simu la wapenda michezo ya mezani, watu mia sita na ushei, na humo kila kampeni mpya ikitokea, swali la kwanza lilikuwa, "Fundi Meno kasemaje?" Heshima hiyo hakuiomba. Ilimjia miaka mitatu nyuma, kwenye kampeni ya mchezo wa majoka, sanduku kubwa kama jeneza la mbuzi, vinyago mia na arobaini ndani. Watu walichangia huku machozi ya furaha yakiwatoka. Yeye akaandika, "Vinyago vizuri, mchezo haupo." Walimtukana mpaka wakachoka. Leo bado wanalisubiri hilo sanduku, na mwenye kampeni huwatumia picha kila mwezi. Mwezi uliopita aliwatumia mkia.

Siri yake ilitoka kazini. Meno bandia hayatengenezwi kwa mkupuo mmoja. Kwanza unayapanga kwenye nta, mgonjwa anakuja, anauma, anasema "sabini na saba", unaona wapi panagonga na wapi panapuliza. Nta inasamehe. Plastiki ikishapikwa haisamehi mtu. Basi na michezo aliifanyia vilevile: hachangii kitu mpaka achapishe sheria zinazotolewa bure, akate kadi za karatasi, aketi na watu wake acheze.

"Nitaujaribu kwanza," alimwambia mdogo wake.

"Hata mimi, dada?"

"Hasa wewe."

Jumanne alichapisha kadi, akazikata wakati wa chakula cha mchana kwa mkasi wa kukatia nta, akazipeleka nyumbani. Lakini jioni hiyo alikuwa na darasa la watu wazima, na tangu aanze kusoma ukubwani hajawahi kukosa kipindi hata kwa homa. Akamwachia mumewe kazi ya kusoma sheria kwenye simu na kuwafundisha wengine.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi husoma kama anavyonyoa: anapunguza pembeni, anaacha juu.

Fundi Meno aliporudi aliwasikia tangu kwenye ngazi. Kinyozi alikuwa anapiga meza. Wifi yake, dada wa Kinyozi, karani wa ofisi ya vibali ambaye kwa kawaida huongea kama mtu anayelipia kila neno, alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Umenikatia bomba, kaka! Umenikatia maji na nyumba yangu ina watoto!"

"Nyumba yako ni karatasi!"

"Karatasi yenye watoto!"

Fundi Meno alivua viatu, akavuta kiti, wakaanza upya. Wallahi mchezo ulikuwa mtamu. Ulikuwa mwepesi, wa kuviziana, zamu zinakimbia. Alitandaza bomba refu lililozunguka mji mzima, Wifi akalichomolea kiungo kimoja katikati, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku ule Fundi Meno alipiga magoti akashukuru kwa urefu. Alikuwa mtu wa kuomba. Aliomba kabla ya kula, kabla ya kuchonga jino, na kabla ya kurusha kete, ingawa kwa kete mumewe alisema huo ni wizi. Usiku ule aliomba kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa na kipaji wakati wote na wao hawakujua.

Jumatano mchana, akisubiri plasta ikauke, aliamua kuzisoma sheria mwenyewe kabla ya kuandika lile neno moja. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliyejifunza ukubwani haruki kurasa. Anajua kila ukurasa ulimgharimu nini.

Kwenye ukurasa wa sita kidole kilisimama.

"Ukaguzi," palisema. "Kila baada ya zamu tatu, mchezo unasimama. Kila mchezaji atahesabu mabomba yake, viungo vyake na matundu yake, na kujaza Fomu ya Kwanza. Fomu itapitishwa kwa mchezaji wa kushoto ili ihakikiwe. Pakiwa na tofauti, itajazwa Fomu ya Pili. Mwenye matundu mengi atapoteza zamu mbili."

Chini yake kulikuwa na Fomu ya Kwanza yenyewe, yenye mistari kumi na minne na mahali pa sahihi.

Alimpigia mumewe. Mashine ya kunyolea ilikuwa inavuma.

"Baba, ukurasa wa sita uliusoma?"

"Ule wenye fomu? Nilidhani ni fomu ya kujiunga. Siku hizi mtandaoni hata ukiangalia hali ya hewa unajazishwa fomu."

"Huo ni sehemu ya mchezo."

"Weee!" Mashine ilizimika. "Mke wangu, ngoja kwanza, nimemnyoa mtu utosini."

Jioni waliucheza kama ulivyoandikwa. Ukaguzi wa kwanza ulichukua dakika ishirini. Wa pili ulichukua dakika thelathini na tano kwa sababu Kinyozi alihesabu kiungo kama bomba, ikabidi ijazwe Fomu ya Pili, na Fomu ya Pili ilidai nambari ya Fomu ya Kwanza ambayo hakuna aliyeiandika. Wa tatu haukufika.

Wifi alilaza kalamu. "Nimejaza fomu tangu saa mbili asubuhi. Nimekuja kwa kaka yangu kupumzika, nimejazishwa fomu. Na ofisini angalau kuna feni."

"Mchangie tu," Kinyozi alimwambia mkewe. "Andika mchezo mtamu. Watu wenyewe wataruka huo ukurasa, kama mimi."

"Wataruka vipi? Wao watausoma kabla."

"Nani anasoma sheria?"

"Wanaonisubiri mimi niwasomee."

Wifi alianza kukusanya kadi. "Lakini wifi, huyo ni tumbo moja na wewe. Usipomshika mkono, mimi nitakaa na mkewe sherehe moja na kumwambia nini?"

Fundi Meno aliinama akaokota zilizoanguka chini. Usiku aliomba, na mara hii hakushukuru. Alijaribu kupatana bei. Alisema, Mola wangu, ni mchezo tu, haumuui mtu. Akangoja. Akasema, na hao watu mia sita wamenifanyia nini, hata majina yao siyajui, mmoja anajiita Kete Mbivu. Akangoja tena. Mola hakusema kitu, na kimya hicho yeye alikuwa anakijua vizuri: ndicho kimya cha mwalimu aliyekwisha kukuambia jibu ukiwa unaangalia dirishani.

Alhamisi alimwita mdogo wake kazini. Alikuja na shati la pasi na lile begi la ukaguzi ambalo hakulirudisha ofisini. Fundi Meno alimkalisha kwenye kigoda kati ya mataya.

"Mchezo wako nimeucheza mara mbili. Mara ya kwanza tuliruka ukurasa wa sita kwa bahati mbaya. Nilikuwa na furaha nikalala nacheka. Uondoe ukaguzi, nitachangia leo hii, na nitaandika maneno hamsini badala ya moja."

Mdogo wake alimtazama kama aliyeambiwa amkate mtoto mguu ili viatu vimtoshe. "Ukaguzi ndio mchezo, dada. Mabomba kila mtu anaweza kupanga. Bila ukaguzi, huo ni mji wa wezi wa maji!"

"Ni karatasi."

"Nilitembea nyumba kwa nyumba miaka miwili. Mbwa wamening'ata. Hakuna aliyewahi kuniambia ile kazi ina maana. Ndiyo nikaiweka humo, watu waone."

Fundi Meno alishika jino dogo, akaligeuzageuza vidoleni. Hilo hakuwa amelijua. "Uliucheza na nani kabla ya kuuweka mtandaoni?"

"Na mke wangu. Na mama mkwe."

"Mama mkwe alisemaje?"

"Alisema ni mzuri sana."

"Mama mkwe wako alisema na ndevu zako ni nzuri."

Mdogo wake alijishika kidevu, akasimama. "Niambie jambo moja. Ningekuwa mtu baki ungenihangaikia hivi?"

"Ungekuwa mtu baki ningeshaandika tangu jana kwamba mchezo mbovu, nikaenda kula."

"Basi niandikie kama ndugu."

"Kwa undugu ndiyo nimekuita hapa."

Aliondoka bila kuaga. Mlango ulijipiga, taya la mzee likaanguka kutoka rafuni, likavunjika vipande viwili.

Ijumaa asubuhi kampeni ilikuwa asilimia sabini na nne. Kundini walikuwa wameshaanza kuuliza. Kete Mbivu aliandika, "Fundi Meno kasemaje? Mimi na vijana wangu kumi na wawili tunamsubiri." Fundi Meno alimpigia mdogo wake mara tatu, hakupokea. Basi alimtumia yeye kwanza kile alichotaka kuandika, ili asikisikie kwa wengine, akasubiri robo saa. Kisha akaandika kundini:

"Bomba ni mchezo wa mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo pimeni maneno yangu mkijua hivyo. Kupanga mabomba ni raha ambayo sijaipata kwa muda mrefu. Ukaguzi wa ukurasa wa sita unaiua raha hiyo. Kinachouzwa leo ni kile chenye ukaguzi. Sichangii leo. Akiubadilisha, nitakuwa wa kwanza, na nitanunua nakala mbili."

Alibonyeza, akaiweka simu kwenye droo ya meno ya mbele, akaanza taya jipya la mzee. Jino la chonge la kwanza lilikaa upande, kosa ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka ishirini, akalichomoa, akalipanga upya.

Saa sita mchana kampeni ilifungwa kwenye asilimia sabini na sita. Kila mtu alirudishiwa chake. Kundini kuna waliomsifu kwa ukweli wake, na sifa hizo zilimkera kuliko matusi ya majoka. Mmoja aliandika kwamba mwanamke asiyemwonea haya ndugu yake hana dini. Huyo hakumjibu, ila aliamka na maneno yake kwa siku kadhaa.

Mdogo wake hakupiga simu wiki hiyo, wala iliyofuata. Mkewe alipiga mara moja, akasema kwa sauti ya baridi kwamba mumewe amepata kibarua cha kuziba mabomba kwa fundi mmoja, akakata. Fundi Meno aliomba asubuhi na jioni, bila kupatana bei, na alipomaliza hakuhisi nafuu yoyote. Kinyozi alijaribu kumchekesha kwa habari ya yule mteja wa utosini, ambaye sasa anavaa kofia na kunyolewa kwingine.

Jumapili ya nne, mchana, mlango uligongwa. Mdogo wake alikuwa amesimama na begi lile lile, mikono imepasuka kwa saruji. Hakuamkia. Alipita moja kwa moja mezani, akamimina kadi za karatasi.

"Sijauondoa," alisema. "Usifikiri nimeuondoa."

"Sijasema kitu," Fundi Meno alisema.

"Nimezitoa fomu. Kuna kadi moja ya mkaguzi. Ukiichukua, unachagua nyumba moja, unakagua hapo hapo. Sekunde kumi. Shemeji, keti. Dada, wifi yako yuko wapi?"

"Nipo," Wifi alijibu kutoka jikoni. "Kalamu niache au nije nayo?"

"Acha," alisema, na kidogo tu, pembeni, mdomo wake ulilegea.

Walicheza. Ilikuwa mara ya kwanza ya mdogo wake kuucheza na watu wasiomwogopa wala kumhurumia, na katika nusu saa Kinyozi alikuwa amemkatia maji mara nne, naye amelalamika kwa mkaguzi ambaye ni yeye mwenyewe. Alitoka wa mwisho, nyumba zake zote kavu. Kisha akamgeukia dada yake.

Fundi Meno alijua anachotakiwa kusema, na aliona jinsi mikono ile iliyopasuka ilivyokuwa imetulia juu ya meza ikingoja.

"Kadi ya mkaguzi ni nzuri," alisema. "Nzuri kweli. Lakini mwishoni mchezo unajikokota. Zamu za mwisho sita hazina maana, mshindi ameshajulikana."

"Sita?"

"Labda tano."

Mdogo wake alivuta pumzi ndefu kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Alifungua begi, akatoa daftari, akatafuta kwenye mifuko yote, akaangalia huku na huku.

"Nipeni basi hiyo kalamu," alisema. "Na wewe, dada, usiende popote. Zamu ipi hasa?"