Bomba Linalovuja

Kila Jumanne asubuhi, ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukiwa bado umelala mashambani, Patrisi na mkewe Germana walijaza mabomba yao ya mgongoni wakaenda kwenye vitalu vya maharage. Patrisi alipiga dawa, Germana alipiga maji matupu. Ndivyo majaribio yanavyofanywa: kitalu kimoja kinapata dawa, cha pili kinapata maji, halafu mtaalamu anakuja kutoka Arusha kutazama tofauti.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Inosenti, kijana mpole, mkemia wa kampuni iliyokodi kipande cha shamba lao. Dawa iliitwa Namba Saba, kwa sababu sita za kwanza ziliunguza majani. Waliiunda maabara, kipande kwa kipande, na Inosenti aliisifia kama mzazi anavyomsifia mwanawe aliyefaulu. Haiui mdudu, alieleza. Inamfanya tu asijue kwamba harage lipo. Kidukari anatembea juu ya jani akitafuta chakula, halioni wala halinusi, mwishowe anakwenda zake kwa jirani.

Na kweli ilifanya kazi. Kitalu cha maji kililiwa kikabaki vijiti, cha dawa kikasitawi.

Sasa, bomba moja lilikuwa jipya na lingine bovu, linavuja chini na kumtiririkia mbebaji mgongoni. Jipya liliwekewa dawa, bovu likawekewa maji, kwa kuwa maji hayadhuru mtu. Lakini baridi ya Juni huku kwetu si ya kuchezea, na Germana alikuwa akirudi nyumbani mgongo umelowa, anakohoa. Siku moja Patrisi akayabadilisha. Alilisuuza lile jipya vizuri, akamvika mkewe, akafupisha mikanda imkae sawa. Bovu akalibeba yeye, na dawa ndani.

"Mimi mgongo wangu umezoea shida," alisema.

Inosenti alikuwa amekwisha omba bomba jingine na glavu. Ofisi ilijibu kwamba asubiri msimu ujao.

Nyuki ndio waliotangulia. Patrisi alirina asali bila moshi, nao wakampita kana kwamba ni ukuta. Alifurahi, akasema angalau kuna faida. Kisha mbwa akaacha kumpokea njiani, na ng'ombe wakaanza kumkanyaga zizini. Siku ya mnada wa Karatu, dereva wa bodaboda aliyekua naye tangu utotoni alimwacha kijiweni amenyoosha mkono, akamchukua abiria aliyesimama nyuma yake. Jumapili padri alimruka kwenye komunyo, bila ubaya wowote, akampa aliyefuata. Patrisi alirudi kuketi, na mama mmoja akatua mkoba wake juu ya mapaja ya Patrisi.

Nyumbani, binti yao Laurencia alianza kupakua sahani mbili badala ya tatu. Mama yake akamgombeza. Binti akaomba radhi, akapakua ya tatu, kisha akauliza mgeni anafika saa ngapi.

Germana bado alimwona, ila kwa kukazana. Alimwogesha kwa majivu, kwa maziwa, kwa sabuni ya kipande. Akizubaa, kiti kilikuwa kitupu. Akiukumbuka uso wake vizuri, kilikuwa na mtu. Tusifichane, alimpenda mume huyu, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alianza kulala amemshika mkono.

Inosenti alipokuja, Germana alimkaribisha chai akamwambia wazi.

"Mume wangu anapotea, mtaalamu. Ni hiyo dawa yenu."

Inosenti aliweka kikombe chini. Alisema hilo ni jambo zito, na kwamba lazima amwone mgonjwa mwenyewe. Germana akamwonyesha kigoda kilichokuwa kando yake, ambapo Patrisi alikuwa ameketi na sweta lake la bluu, akipuliza chai yake ipoe. Inosenti alikitazama kigoda kwa bidii. Alivua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Mama, siwezi kuripoti nisichokiona," alisema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Akirudi, mwambie anipigie."

Patrisi alisema hana neno, kazi iendelee. Germana hakuyafikisha maneno hayo.

Alimpoteza siku ya kupepeta maharage. Vumbi lilimwingia machoni, akayafikicha, na alipoyafumbua hakumwona tena. Aliita, "Baba Laurencia," mpaka sauti ikamkauka. Msiba haukuwekwa, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Jioni sahani ya tatu iliwekwa mezani, na asubuhi ilikutwa imeoshwa.

Namba Saba ikapita. Ripoti ilisema hakuna athari iliyoonekana kwa binadamu, na hilo lilikuwa kweli tupu. Maduka ya pembejeo ya Karatu yakaijaza kwenye rafu, na watu wakaja kuifuata kutoka Mbulu.

Juni iliyofuata ikaletwa Namba Nane. Bomba jingine halikuja, wala glavu. Jumanne ya kwanza Germana aliamka mapema kuliko kawaida, akaenda kibandani kulichukua lile bovu kabla ya mtu yeyote. Hakulikuta. Lililobaki ni lile zuri, limejazwa maji, mikanda imefupishwa kwa kipimo chake.

Alilibeba. Upande wa pili wa mpaka wa vitalu, majani ya kitalu cha dawa yalikuwa yakilowa mstari kwa mstari, polepole, kwa mwendo alioujua. Inosenti aliyatazama kutoka kwenye gari, akaridhika kwamba kazi inafanyika, wala hakuuliza anayeifanya ni nani.

Germana alipuliza maji mpaka mwisho wa kitalu, huku akilia. Baridi ilikuwa kali, na mgongo wake ulikuwa mkavu.