Kosa la Byamungu

Byamungu alikuwa na misumari mitatu midogo mdomoni, kwa hiyo Pasta Destin alipouliza kama soli yake inaweza kushonwa kabla ya saa nne, jibu alilopata ni nyusi mbili zilizopanda juu. Pasta akachukulia kuwa ndiyo. Akaketi kwenye benchi, akavua kiatu cha kulia, na mguu wenye soksi ya bluu akauweka juu ya gazeti la zamani ili usishike vumbi.

Ilikuwa Jumamosi, na soko la Jabe lilikuwa limeamka kitambo. Meza ya Byamungu ilikaa pembeni mwa barabara, chini ya mwavuli uliopauka, ng'ambo ya kanisa dogo la matofali lenye mabati ya bluu. Kwa miaka minane alikuwa akilitazama kanisa hilo kutoka hapo. Alijua nyimbo zake zote. Alijua mwendo wa kila muumini, maana viatu vyao vyote vilipita mapajani mwake. Mlango wa kanisa tu ndio hakuuvuka.

"Papa Byamungu," Pasta alianza. Alikuwa kijana bado, hajamaliza hata miezi mitatu tangu aletwe kuliongoza kanisa hilo. "Nimesoma kile kitabu wazee wanaandikamo watu walio kwenye nidhamu. Nimekuta jina lako. Pale pa kosa wameandika, 'Kukosa imani.' Basi. Mi nikajiuliza, sasa huyu mutu alifanya nini?"

Byamungu akatema misumari kiganjani. "Nilipanda teksi, Pasta."

"Teksi?"

"Teksi ya kwenda lopitali."

Akamsimulia huku akipaka gundi kwenye soli kwa kidole cha shahada. Tumbo la mke wake, Mwavita, lilikuwa limekaza kama ngoma. Wazee wa kanisa walitangaza siku tatu za kufunga na kuomba, na wakasema asiguswe na daktari mpaka siku ya tatu iishe, ili utukufu uwe wa Mungu peke yake. Siku ya kwanza Byamungu alifunga. Siku ya pili, saa sita mchana, Mwavita aliacha kulalamika, na ukimya ule ndio uliomtisha. Akambeba mgongoni mpaka barabarani. Madaktari walimpasua jioni ileile. Juma lililofuata wazee wakamtaka mume asimame mbele ya watu atubu. Alikataa, na tangu siku ile hakukanyaga tena.

Pasta alikuwa ameanza kwa kucheka. Sasa alikuwa akitazama soksi yake.

"Nisikilize, Papa. Kesho tunawawekea mikono mashemasi. Jina la Mama Mwavita lilikuwa la kwanza kabisa. Wazee wamelikata. Wanasema shemasi hawezi kuwa na mume aliye kwenye nidhamu. Nimebishana nao mpaka sauti imekauka. Mwisho Mzee Sylvère akasema, ukisimama useme sentensi moja tu, jina linarudi."

"Sentensi gani?"

"'Naomba kanisa linisamehe, nilikosa imani.'"

Byamungu akakivalisha kiatu kwenye chuma chake, akakigonga nyundo mara mbili, taratibu.

"Pasta, mi niko na makosa mengi. Siku ile nilimuita Mzee Sylvère mbuzi, mbele ya watu. Hiyo naweza kuomba musamaha hata leo. Naweza kumuomba na mbuzi pia. Lakini hii ingine... Ndani ya teksi ile niliomba vile sijawahi kuomba tena. Kama Mungu hakukuwa mule, basi sijui alikuwa wapi."

Pasta alivaa kiatu, akakikanyagisha chini kwa nguvu kukijaribu, akamshika bega fundi, akavuka barabara.

Watu walidhani Byamungu ameachana na Mungu. Yeye hakujisumbua kuwarekebisha. Kila kiatu alichokishika alimwombea mwenye nacho, dua fupi, ya urefu wa mshono mmoja. Kisigino kilicholika upande wa kushoto: Mungu, huyu anabeba nini huku? Kiatu cha mtoto kilichotobolewa kidole gumba: Mungu, umkuze hivihivi. Hakuwahi kuomba kwa sauti, na wakati mwingine alikuwa akitabasamu peke yake, wapita njia wakafikiri amekumbuka kichekesho.

Jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Bwiza, mapema kuliko kawaida. Mwavita alikuwa uani akikaanga ndagala, na harufu ilikuwa imeshafika kwa majirani wote.

"Kwa nini hukuniambia?" Byamungu aliuliza.

Mwavita hakuuliza ni habari gani. "Nikuambie ili ufanye nini?"

"We unataka ushemasi?"

Aligeuza samaki wote kwanza. "Sitaki cheo. Lakini unamujua yule bibi ninamutembelea kila Alhamisi, yule amelala kitandani huu mwaka wa pili. Nikiingia tu ananiuliza, 'Leo umeniletea meza ya Bwana?' Na mkate ule unabebwa na shemasi tu. Namwambia, 'Apana, bibi, nimekuletea uji.' Anakunywa, anasema aksanti. Kisha anageukia ukuta." Akapunguza moto. "Ni hivyo tu. Osha mikono tule."

Byamungu alikwenda kuosha mikono. Gundi ilikuwa imeganda kuzunguka kucha, naye akaisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mungu, alisema moyoni, kesho nitasema kitu ambacho mimi na wewe tunajua si kweli. Usinikasirikie sana. Unajua ni kwa ajili ya nani.

Asubuhi alivaa koti lake la harusi, ambalo sasa lilikubali kufungwa kifungo kimoja tu. Mwavita alimwona, akasahau kufunga kilemba chake. Njia nzima alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, kama mtu anayetembea na mgeni.

Kanisani vichwa viligeuka. Byamungu, kwa aibu, alitazama chini, na huko chini akakutana na rafiki zake: vile viatu vyeusi alivyovibadilisha visigino Pasaka iliyopita, vile vya njano alivyovitia mikanda mipya, raba aliyoishona mara nne na bado inadunda. Alijikuta anavisalimia kimoyomoyo. Hofu ikapungua.

Wanawake sita waliovaa mashati meupe walikuwa wamepangwa mbele. Mwavita alikaa safu ya nne na shati lake la maua. Pasta Destin alipomwita Byamungu, sauti yake ilikwaruza, akakohoa, akamwita tena.

Mzee Sylvère alikaa kiti cha kwanza, mrefu, mnyoofu, kile kitabu cha nidhamu kikiwa magotini na kalamu imeshafunguliwa.

"Bwana asifiwe," Byamungu alisema.

"Amina."

"Kwanza, Mzee Sylvère. Miaka minane iliyopita nilikuita mbuzi. Nilikosea sana. Unisamehe."

Kicheko kilitoka upande wa kwaya, kikakandamizwa, kikatokea upande wa akina baba. Mzee Sylvère alijaribu kubaki na uso wa baraza, lakini sharubu zilimsaliti. "Nimesamehe," alisema.

"Ya pili." Aliona mapanga ya feni yasiyozunguka, aliona buibui kwenye kona ya dirisha. "Ya pili, naomba kanisa linisamehe, kwa sababu siku ile mi nili..."

"Ngoja."

Mwavita alikuwa amesimama.

"Papa, ngoja kwanza. Usimalize."

"Mama Mwavita, kaa chini," Mzee Sylvère alisema, bila ukali.

"Nitakaa, Mzee. Niruhusu neno moja." Alishika kiti kilichokuwa mbele yake kwa mikono miwili. "Huyu baba anataka kuomba musamaha kwa sababu mi niko muzima. Sasa mukimusamehe, itabidi munirudishe kule nilitolewa na teksi, mulangoni mwa kaburi. Na mi, wazee wangu, mi bado napenda kukaa hapa."

Nyuma kabisa mama mzee mmoja akapiga kigelegele, kirefu, chembamba, kilichopanda mpaka kwenye mabati, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia kanisa. Watu walicheka, wakapiga makofi, mtoto akaanza kulia kwa kushtuka. Byamungu alibaki amesimama pale mbele na mdomo wazi, neno lake likiwa limekatika katikati. Pasta Destin alifunika uso kwa Biblia, mabega yakimtikisika. Alipoishusha macho yake yalikuwa mekundu.

"Wimbo," alisema. "Wowote ule. Kwaya, tusaidieni."

Wanawake sita waliwekewa mikono. Jina la Mwavita halikurudi. Aliwaimbia wenzake kwa sauti kubwa kuliko wote, na alimkumbatia kila mmoja mlangoni.

Walipofika nyumbani ndipo alipovua viatu, akaketi kwenye kizingiti, akaanza kucheka. "Uso wako, Papa! Kama mutu amemeza msumari!" Alicheka mpaka akafuta machozi, na kicheko kilipokwisha, machozi yaliendelea kidogo.

"Kweli ungesema?" aliuliza.

"Ningesema."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya yule bibi. We nimekuzoea."

Akampiga begani kwa kiatu.

Siku ya Jumatano, mchana wa jua kali, wakati wauzaji wa Jabe walikuwa wamelala nusu juu ya mizigo yao, Mzee Sylvère alikuja kwenye meza ya fundi. Alikuja polepole. Akaketi kwenye benchi, akavua kiatu kimoja cha kushoto, akakitoa kama mtu anayetoa barua isiyo yake.

"Kinabana," alisema. "Kipanue kidogo."

Byamungu alikigeuza. Soli ilikuwa imelika ukingo wa nje peke yake, kama vile kidole gumba hakijagusa ardhi kwa muda mrefu. Akaingiza mkono ndani. Kiatu hakikuwa kinabana hata kidogo, kilikuwa kimeshapanuka. Kitambaa cha ndani kilikuwa kigumu, kimekauka, na vidole vilipotoka vilikuja na harufu.

Akakiweka kiatu mezani. Akamsogelea mzee ili asilazimike kupaza sauti.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu lini nini?"

"Kidonda."

Mzee Sylvère alitazama barabara. Muuza ndizi alipita, wakamsalimia wote wawili. "Huu mwezi wa nne sasa," alisema hatimaye. "Nimefunga. Nimefunga siku kumi na moja, hata mke wangu hajui sababu. Nimeomba sana, Byamungu."

"Na Mungu amesema nini?"

"Sijui. Mguu unawaka mpaka sisikii kitu kingine." Alitoa leso, akafuta shingo, akaikunja vizuri, akaifunua tena. Kisha, kwa sauti ambayo kanisa halikuwahi kuisikia, akauliza, "Mama Mwavita... ulimupeleka lopitali gani?"

Kulikuwa na maneno mengi yaliyongoja miaka minane mdomoni mwa Byamungu, na mengine yalikuwa ya kuchekesha sana. Aliyatafuta, akaona hana haja nayo. Akachukua simu ili amwite Mwavita.

"Sitaki watu wajue," mzee alisema haraka. "Nitasema nini mbele yao?"

"Mwavita anatembelea wagonjwa kila juma. Ukionekana naye, watu watasema, 'Tazama, hata Mzee ameanza kutembelea wagonjwa.'"

Mzee Sylvère alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Hakuona dhihaka. Sharubu zikatikisika tena, kama Jumapili.

Mwavita alifika na chupa yake ya uji kwapani. Hakuutazama mguu. "Jambo, Mzee. Njia si ndefu. Tutapita upande wa kivuli."

"Tuombe kwanza," mzee alisema, akishika ukingo wa meza ili asimame.

"Tuombe tukitembea."

Kiatu kile hakingevaliwa tena, hivyo Byamungu alimfunga mguu kwa kitambaa safi cha kung'arishia, akampa ndala yake mwenyewe. Akawatazama wakienda. Mwavita alikuwa na hatua ndefu siku zote, hatua za mtu mwenye watu wengi wa kuwaona. Leo alizifupisha. Midomo ya mzee ilikuwa ikicheza, na kila baada ya muda Mwavita alitikisa kichwa, ama akisema amina, ama akikwepa nzi.

Walipopotea kwenye kona, Byamungu, mguu mmoja peku, alikaa akavuta kipande cha tairi laini. Akachora juu yake mguu wa Mzee kwa chokaa, mpana upande wa kidole gumba. Alikata, akalainisha kingo kwa kisu, akaweka kitambaa kinene cha pamba juu ya mpira, akaushona mkanda wa kisigino kwa uzi maradufu. Alikuwa akitabasamu peke yake, na mwanamke mmoja aliyepita na beseni la nyanya alimuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, mama, pole na jua.

Mkanda wa mbele hakuushona. Aliutoboa matundu, akapitisha uzi tundu la kwanza, akaacha sindano ikining'inia, kwa kuwa hakujua mguu utarudi na ukubwa gani.