Maziwa ya Kubariki Ushuru

Nelson Kisemei alifika hotelini kwa Mugure kabla chai ya kwanza haijachemka, akamwinamishia Kakenya, muuza maziwa, kichwa apate kumgusa utosini, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa. Kakenya akamgusa, lakini moyoni akashtuka. Tangu shemeji yake huyu apewe cheo cha msimamizi wa wadi, kichwa chake kilikuwa hakiinami hata kanisani. Mtu kama huyo akiinama ghafla, ujue ana haja.

"Takwenya, Mama Lorna."

"Iko," Kakenya akaitikia salamu. "Sema ulichotumwa."

Nelson akacheka kicheko cha ofisini. "Soko mpya inafunguliwa leo. Waziri wa kaunti anakuja mwenyewe. Mzee Meitamei ndiye atabariki, na unajua hiyo kitu haiendi bila maziwa. Nipee tu kibuyu moja."

Kakenya aliendelea kumpimia Mugure maziwa ya chai, polepole, kana kwamba hajasikia. Alikuwa amesikia vizuri sana. Baraka ya Kimaasai haitolewi mikono mitupu. Mzee hunyunyiza maziwa, hutamka maneno ya heri, na kila anapotua watu huitikia kwa sauti moja, "Naai!" yaani Mungu na aitikie. Na maziwa yenyewe si ya mzee. Mwanamume anaweza kuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, lakini kibuyu ni cha mama, na mama asipokifungua hakuna wa kukifungua.

"Ya kubariki nini?" Kakenya akauliza. "Soko ama ushuru?"

Jibu lilijulikana Kitengela nzima. Sheria mpya ya fedha ya kaunti ilisema muuza maziwa alipie mtungi wake kwenye kizuizi cha barabarani akitoka upande wa Isinya, kisha akifika mjini alipie tena sokoni, kila siku. Ndani ya soko hilo kulikuwa na mashine kubwa ya kupoza maziwa, iliyonunuliwa kwa ushuru wa miaka iliyopita, na haijawahi kupoza hata kikombe kwa sababu stima haikuvutwa. Ilidaiwa pia kwamba wananchi waliulizwa maoni. Ni kweli, waliulizwa. Waliulizwa Kajiado mjini, asubuhi, saa ambayo kila mama wa maziwa yuko kando ya barabara Kitengela akikimbizana na jua.

Mugure, ambaye alikuwa na mdomo mkubwa kuliko sufuria zake, akaingilia. "Kakenya, nikwambie ukweli? Mimi nalipa leseni na sinung'uniki sana. Hapa stage zamani tulikuwa tunaruka mitaro kama mbuzi. Saa hii kuna taa, kuna choo. Na Lorna wako alijifungulia wapi? Si zahanati ya kaunti?"

Hapo alimgusa penye ukweli. Kakenya alimzaa Lorna kwenye mkokoteni wa punda, njiani, akiuma shuka ili watu wasimsikie. Lorna alijifungua karibu na nyumbani, kwa muuguzi mwenye glavu, na mtoto alipotoka amejisokota kitovu shingoni, kulikuwa na mtu wa kujua la kufanya. Hiyo Kakenya hangeikana hata ukimshikia rungu.

"Sikatai," akasema. "Kizuri nakiita kizuri. Lakini mtu akinipatia kitanda, si eti sasa aingie kwa mfuko yangu bila kubisha."

Nelson akasogea, akapunguza sauti. "Mama Lorna, nimekuwekea kibanda ya kwanza, hapo karibu na mfereji ya maji. Watu walikuwa wanapigania hiyo. Usinifanye nijute."

Ufunguo wa kibanda hicho ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso ya Kakenya tangu juzi. Alikitaka kibanda, tusidanganyane. Magoti yalikuwa yamechoka na vumbi la barabara ya Namanga, na usiku aliwahi kujiona ameketi kivulini, maji yakitiririka kando yake. Sasa alielewa bei yake.

"Nikikupa maziwa, nimeitikia," akasema. "Sitoi."

"Sawa," Nelson akasema, akasimama. "Maziwa ni maziwa. Itapatikana tu."

Hapo ndipo alipokosea.

Jua lilipopanda, hema zilikuwa zimejaa. Waziri wa kaunti alifika amevaa shuka jekundu juu ya suti, shuka jipya ambalo bado lilikuwa na alama za kukunjwa dukani. Mzee Meitamei aliketi mbele na blanketi lake, pua ikifuata moshi wa nyama iliyokuwa ikichomwa nyuma ya jengo. Akina mama wa maziwa waliketi pembeni juu ya mitungi yao, Kakenya akiwa katikati.

Mzee akaitwa kwenye maiki. Nelson akamkabidhi kibuyu chenye shanga za kila rangi, kinachong'aa kama kiatu cha polisi. Mzee akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii imepakwa nini? Varnishi?"

Kilikuwa kibuyu cha kuuzia watalii, na tangu kitengenezwe hakijaonja moshi wa mti wowote wa kusafishia vibuyu. Mzee akajimiminia kiganjani, akatazama, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Na hii ni ya ng'ombe ya nani?"

Nelson akasogea kumnong'oneza, akasahau kwamba maiki inasikia. "Ni ya pakiti, mzee."

Umati ukapasuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti kutoka nyuma, "Hiyo ni long life, mzee! Bariki nayo, itakaa mpaka krismasi ya mwakani!" Hata askari wa waziri walicheka, na waziri mwenyewe akajifanya anafuta miwani.

Mzee Meitamei hakucheka. Njaa ilikuwa imemkaba, na nyama haingeliwa kabla ya baraka. Akageukia akina mama, akamwita Kakenya, mama wa Lorna, kwa Kimaasai. "Ng'oto Lorna, nyinyi mmekalia maziwa hapo kama kuku wa mayai. Nipeni kidogo nimalize kazi."

Kakenya akainuka. Akakaza leso kiunoni. Aliogopa, na alikasirika kwamba anaogopa, na hasira ndiyo iliyomfikisha kwenye maiki.

"Mzee, nisamehe. Maziwa iko, na ni nzuri, lakini leo haitoki. Waziri, mimi si mtu wa kukataa ushuru. Zahanati yetu ni ushuru, na imeniokolea mjukuu. Barabara ya huko ndani mmemwaga changarawe, asante, hata punda yangu anashukuru. Lakini mnanilipisha kwa kizuizi, mnanilipisha tena hapa, na maziwa ni ile ile moja. Mashine yenu iko hapo ndani imevaa nailoni kama sofa ya wageni. Alafu mnasema mlituuliza! Mliuliza Kajiado, asubuhi, na mnajua asubuhi niko wapi. Sasa mzee akinyunyiza maziwa yangu, itabidi niseme Naai. Nikisema Naai, nimekubali mbele ya Mungu. Na mimi sijakubali."

Wenzake wakapiga vifuniko vya mitungi kwa viganja.

"Mama," waziri akasema, akitabasamu kwa meno tu, "serikali haisimamishwi na kibuyu."

"Basi endelea," Kakenya akajibu.

Mzee Meitamei akakitia kifuniko kile kibuyu cha shanga, akakiweka chini. "Bila maziwa mimi ni mzee tu mwenye blanketi," akasema, akarudi kitini kwa uchungu wa mtu anayeaga sahani ya nyama.

Waziri akashika mkasi. Akawatakia watu biashara njema, akainua mkono, akasema kwa nguvu, "Na sote tuseme Naai!"

Nelson akaitikia. Dereva wa waziri akaitikia. Wengine wote walinyamaza, na utepe ukakatwa katika kimya kile kama uzi wa nguo iliyochanika.

Baadaye Nelson akamjia mkono ukiwa wazi. "Ufunguo."

Kakenya akafungua pindo, akampa. Ulimuuma, na angekuwa mwongo kusema haukumuuma. Wenzake kadhaa waliopewa vibanda nao wakarudisha funguo zao. Wawili waliingia vibandani mwao macho yakiwa chini, na Kakenya hakuwalaumu, maana kila mtu anajua watoto wake wanalala vipi.

Kesho yake alikuwa barabarani tena, vumbi kama kawaida, lakini foleni ya wanunuzi ilifika karibu hotelini kwa Mugure. Nelson akaja na mashine ya risiti mkononi. Alikuja mwenyewe kwa sababu hakuna mtoza ushuru aliyetaka kutumwa.

"Mama Lorna, hata hapa barabarani kuna ushuru."

"Nitalipa."

Nelson akapumua. "Asante, shemeji."

"Nitalipa siku nikiulizwa. Leta mkutano hapa Kitengela, jioni, mitungi ikiwa imeisha. Nikae kwa kiti niseme yangu, na wewe useme yako. Ukinishinda kwa maneno, nitalipa mara mbili na sitanung'unika."

"Na leo? Mimi nimetumwa nikukamate ukikataa."

"Leo nikamate."

Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, bangili za shanga zikagongana. Foleni nzima ikageuka kutazama. Nelson aliitazama mikono ile. Mama yake alipofariki, yeye akiwa hajaota meno yote, ndiyo iliyomshikia kikombe cha maziwa mpaka akaweza kukishika mwenyewe. Akatazama mashine ya risiti, akaizima.

"Jioni saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi," Kakenya akasema, bila kushusha mikono.