Mtoto Ninayemwita Mama

Nilikwenda kwenye mkutano ule kumharibia Muriuki, na sitajifanya nilikuwa na nia nyingine. Mada ilikuwa akili unde kazini. Watu wa HR kutoka Meru na Embu walijaa ukumbi wa hoteli moja mjini Meru, kila mmoja na beji shingoni na wasiwasi kwamba mashine itamnyang'anya kazi. Muriuki ndiye aliyeletwa kuwatuliza. Bosi wake, Bi Marcella, alikuwa ameketi safu ya mbele, na ukumbi mzima ulijua kwamba akipendezwa siku hiyo, atamfanya Muriuki mkuu wa wafanyakazi wa matawi yote ya kampuni. Cheo hicho ndicho nilichotaka kimponyoke.

Muriuki alikuwa meneja wangu kwenye kiwanda cha makadamia huko Embu. Aliponiona mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimenawiri, akaniuliza siku hizi nimepotelea wapi. Nimepotelea, eti. Mtu aliyenifukuza kazi ananiuliza nimepotelea wapi. Nikamwambia niko kampuni ya mboga, Timau, nikaenda kutafuta kiti karibu na kipaza sauti.

Nina binti, Kathambi, aliyepewa jina la mama yangu. Kwetu Meru, na kwa majirani zetu wa Embu pia, mtoto akibeba jina la mzazi wako, unamwita vile ulivyomwita huyo mzazi. Kathambi namwita mama tangu siku aliyozaliwa. Njoo mama, kula mama, wacha kelele mama. Mama mwenyewe alipofariki niliomba ruhusa ya mazishi kupitia mfumo mpya ambao Muriuki alikuwa ametuletea. Unaandika ujumbe kwenye simu, mashine inausoma, inaulinganisha na faili yako, kisha inaamua.

Miezi michache baadaye mtoto akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Nilikuwa wodini, mkono mmoja kwenye kipaji chake, na kwa ule mwingine nikaandika haraka kwamba mama amelazwa, naomba ruhusa. Mashine ikakumbuka kwamba mama yangu alishazikwa. Ikaniita mwongo, ikatayarisha barua ya kunifuta kazi, na Muriuki akatia sahihi. Nilimpigia simu nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu wa Embu, anayeyajua haya kama ninavyoyajua mimi, halafu akasema mfumo hauna chuki na mtu na yeye hawezi kuanza kuupinga. Alasiri hiyo bima yangu ya matibabu ikakatwa. Ikabidi nimtoe mtoto pale na kumtafutia kitanda kwingine, na dawa zikachelewa. Alipona, lakini hasikii tena. Ninamwita mama na hageuki.

Basi Muriuki akapanda jukwaani na suti yake ya bluu. Alisimulia jinsi mashine yake ilivyowanasa waongo, wale wanaozika nyanya yuleyule kila mwaka, na watu wakacheka. Alisema uzuri wake ni kwamba haipendelei mtu. Ikishaandika barua, nakala inaingia moja kwa moja kwenye faili za mkurugenzi, na meneja hawezi kumwokoa rafiki yake. Bi Marcella alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha Muriuki akasema ataijaribisha mbele yetu, mfumo wenyewe wa kampuni, tuone kwenye skrini, na akaomba mtu ampe mfano. Nilikamata kipaza sauti kabla mwingine hajainuka.

"Boss, tumia faili yako mwenyewe," nikasema. "Kijana yako wa kwanza, nyumbani unamwita nani?"

"Naftaly? Huyo namwita baba. Si amechukua jina ya mzee."

Ukumbi ukacheka kwa upendo, maana nusu yao wana baba zao wanaovaa nepi.

"Basi andika vile ungeandika kama yuko hospitali saa hii. Andika haraka, usifikirie sana."

Akaandika. Baba amelazwa, naomba ruhusa ya siku tatu. Nilimkazia macho usoni nione kama atakumbuka, na hakukumbuka chochote. Maisha ya mwanangu yalikuwa yamempita huyu mtu bila kuacha hata alama. Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda kuliko siku ile ya barua.

Skrini ikajibu mbele ya watu wote kwamba ombi limekataliwa, kwamba baba wa mfanyakazi huyu alishafariki na ruhusa ya mazishi ilishatolewa, kwamba huu ni udanganyifu, na barua ya kumfuta kazi imetayarishwa. Watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Bi Marcella hakucheka. Akaniuliza nilijuaje, na mimi nikasimama nikasema yote, mchango wa mazishi ya mzee wake tuliotoa kiwandani, wodi, simu, bima, masikio ya mtoto. Sikulia. Bi Marcella akamgeukia Muriuki akamuuliza kama ni kweli nilimweleza siku ile. Akasema kesi zilikuwa nyingi. Bi Marcella akamuuliza ni wangapi wengine walioondoka hivyo. Hakujua.

"Hiyo barua usiifute," Bi Marcella akasema. "Utaijibu kama wale wengine walivyoijibu."

Habari ya cheo haikutajwa tena. Nilisikia raha, raha ya kuanzia tumboni, na nikaketi nayo bila kumwonea mtu haya. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajawahi kukila kikiwa moto.

Wakati wa mapumziko Muriuki alinifuata kwenye meza ya chai na nduma, kikombe kitupu mkononi. Alisema sasa amekumbuka. Aliomba aje kumwona mtoto, amwombe msamaha mwenyewe. Nikamwambia Kathambi yuko shule ya watoto wasiosikia huko Kaaga na anaongea kwa mikono, na sisi wazazi tunafundishwa kila Jumamosi. Aende ajifunze, kisha aje amwambie kwa mikono yake, bila mkalimani.

"Na wewe, Kinya?" akauliza. "Wewe utanisamehe?"

Nikamwambia kwamba kusamehe ni neno ambalo darasani kwetu bado hatujalifikia. Akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akaondoka na kikombe chake.

Neno hilo tulifundishwa Jumamosi ya kwanza. Huo ndio uongo wa pekee niliowahi kumwambia Muriuki.