Dripu Iliyofunguliwa na Fundi Bomba

Miaka arobaini na sita ya ndoa, na sijawahi kumwona mume wangu akipita karibu na bomba bila kuligusa. Ukimkaribisha chai, kwanza ataingia jikoni kwako kukagua sinki. Kuna msiba tulikwenda, nikamtafuta weee, kumbe amelala chali chini ya tangi la maji la wafiwa, vinaonekana viatu tu. Mtaa mzima unamwita Fundi. Hata mimi namwita hivyo, isipokuwa nikikasirika, na majina ya siku hizo siyataji hapa.

Kwa hiyo kosa ni langu. Siku ile ya hospitali ningemwacha nyumbani.

Tunakaa ghorofa ya nne, na jengo letu halina lifti. Ngazi ni hamsini na sita. Zamani nilikuwa nazipanda na ndoo mkononi, mtoto mgongoni, na bado nikifika juu nina nguvu za kumsema mtu. Mwaka huu mambo yaligeuka. Ghorofa ya kwanza moyo unanienda mbio, ya pili masikio yanavuma, ya tatu nakaa chini. Nikasema ni uzee, nina miaka sabini na miwili, nilitegemea nini? Mpaka siku moja nikaona giza, nikaanguka pale kona ya ghorofa ya pili. Jirani ndiye aliyeniokota.

Binti yetu mkubwa ni mwalimu mkuu. Hana muda wa kubembeleza mtu. Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya daktari.

"Bibi, damu yako ni saba," daktari akasema. "Ilitakiwa ifike kumi na mbili. Umepandaje hata hizo ngazi?"

Wakachunguza, wakakuta kidonda kidogo tumboni. Kilitokana na dawa za maumivu ya magoti nilizokuwa nikizitafuna kama karanga. Kidonda kikatibiwa, lakini madini ya chuma mwilini yalikuwa yamekwisha, na bila hayo damu haitengenezeki. Nikapewa vidonge. Vikanifunga choo siku sita. Siku ya saba nikavirudisha kwa daktari na maneno yangu machache. Akacheka, akasema basi, tutakuwekea chuma kwenye mshipa kwa dripu, mara mbili, wiki moja baina yake.

"Ila usitegemee kuamka kesho unaruka kamba," akaonya. "Damu inajengwa taratibu. Wiki tatu, nne."

Binti akalidaka hilo hilo. Jioni ile ile akatuketisha sebuleni kama wanafunzi waliochelewa.

"Mama, nakupa mwezi mmoja. Ukiweza kupanda ngazi zote na kupumzika mara moja tu, unabaki. Ukishindwa, unahamia kwangu, hakuna ngazi hata moja."

"Na baba yako?"

"Mimi nina chumba kimoja tu cha ziada, na kitanda ni cha mtu mmoja. Baba ataenda kwa kaka."

Kaka yake anakaa mji mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima. Nikamgeukia Fundi. Alikuwa anakwangua kutu kwenye koki ya zamani kwa ukucha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nikajisemea, kumbe mzee amenichoka, anangoja gari tu.

Siku ya dripu ya kwanza alikuja amevaa shati la Ijumaa, na spana mfukoni. Chumba chenyewe kilikuwa na viti vinne vikubwa vya kuegemea, na kila kiti kina mti wake wa chuma wa kutundikia dripu. Wote tulikuwa wazee. Jirani yangu alikuwa mzee mrefu, refa mstaafu wa mpira, na hilo alinieleza kabla hata sijakaa.

Sista alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Akanichoma mara moja tu, akatundika mfuko. Ile dawa ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Fundi akaisogelea, akainama, akaichungulia.

"Sista, hii si kutu hii?"

"Ni madini ya chuma, mzee. Yametengenezwa kwa ajili ya mwili."

"Maisha yangu yote natoa kutu kwenye mabomba. Leo mnamtia mke wangu!"

"Kaa chini, Fundi," nikasema. "Unanitia aibu."

Sista akatuambia dawa hiyo inakwenda polepole kwa makusudi, nikisikia joto au kifua kubana nimwite mara moja. Kisha akaenda chumba cha pili kupima watu presha. Fundi akabaki ameyakodolea macho yale matone, na saa yake mkononi.

"Matone ishirini kwa dakika," akanong'ona. "Mama watoto, huu mpira una hewa. Hapa pameziba."

"Nyamaza nilale."

Nikalala. Na hapo ndipo nilipokosea.

Niliamshwa na joto. Uso ulikuwa unawaka, kifua kimebana, mgongo unauma kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nikatazama juu: hakuna matone tena, maji yanatiririka! Na chini yake amesimama mume wangu, kidole bado kipo kwenye kile kigurudumu cha mpirani, anatabasamu.

"Sasa inakwenda," akaniambia.

"Sista!" Refa aliinuka na dripu yake, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea mlangoni. "Sista! Ni huyu! Nimemwona kwa macho yangu! Nje!"

Sista aliingia mbio, akafunga dripu, akanifunga kipimo cha presha, akamwita daktari. Fundi alisukumwa hadi ukumbini. Nilimwona uso wake kabla mlango haujarudishwa, na nitasema kweli, hasira yangu yote iliishia pale. Alikuwa amekauka kwa hofu.

Daktari akakaa kando yangu nusu saa nzima. Joto likashuka, kifua kikaachia.

"Mwili wake ungekuwa umeikataa dawa, ningefuta matibabu yote leo," akamwambia sista. "Lakini hapa tatizo ni mkono wa mzee. Anza tena, taratibu."

Ndipo binti akafika kutuchukua. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikasikia kila neno.

"Baba! Ulitaka kumuua Mama?" Sauti ilitetemeka. "Basi sisubiri mwezi. Leo hii hii anakuja kwangu."

Sasa, mumjue mume wangu. Huyu ni mtu aliyewahi kufurikisha nyumba ya jirani hadi godoro likaelea, akasema kosa ni la presha ya maji. Hajawahi kukosea. Nikategea sikio, nisikie safari hii atamsingizia nani.

"Nimekosea," akasema. "Mimi. Nimekosea, mwanangu."

Hata refa aligeuza sikio mlangoni.

"Ulisema mwezi mmoja. Nikahesabu yale matone, nikaona hayatawahi. Usimpeleke mbali nami. Nitamwamkia nani? Nani atanigombeza?"

"Lakini Baba, nyinyi mnagombana kutwa kucha! Tangu tukiwa wadogo! Mimi na kaka tulidhani mtashukuru kupumzishana."

"Kupumzishana?" Fundi akauliza, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa asioujua.

Nililia. Refa akanipa leso yake. Binti naye alikuwa anapenga kamasi kule nje, lakini mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu.

"Haya, leo simchukui. Lakini mtihani uko palepale, Baba. Nikija kumwokota chini ya zile ngazi, mapenzi yenu yatanisaidia nini?"

Wiki iliyofuata sista alimruhusu Fundi kuingia kwa sharti moja: aikalie mikono yake. Na aliikalia, saa nzima, refa akimkodolea jicho.

Siku ya mtihani binti alitangulia juu, akasimama mlangoni kwetu akichungulia ngazi, simu mkononi. Nikaanza kupanda, Fundi nyuma yangu. Ghorofa ya kwanza nikaipita bila hata kuishika reli. Ya pili nikatumia pumziko langu. Nilipofika ya tatu, pumzi ikaanza kukatika. Haikuwa kama kabla ya dripu, lakini ilikatika, na magoti yakadai haki yao. Zilibaki ngazi kumi na nne. Nikageuka, nikamwona Fundi midomo inacheza.

"Unasema nini?"

"Mke wangu, kama huwezi, kaa." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Usijiumize. Nimeshafunga begi langu. Nitalala sakafuni kwa binti, mlangoni pako."

"Begi?" Nikapanda ngazi moja. "Begi gani? Nani kakuruhusu kufunga begi?" Nikapanda nyingine. "Mashati niliyoyapiga pasi jana umeyakunja vipi, wewe? Umeyasokomeza kama matambara, nakujua! Na mgongo huo wako ulale sakafuni? Asubuhi atakuinua nani? Mimi! Unadhani nina kazi ya kuinua wazee? Na mswaki, umeuchukua wako au wangu? Hujui! Miaka arobaini na sita hujui mswaki wako rangi gani! Halafu unaniambia mimi nikae, mbele ya..."

Nikajikwaa kwenye kitambaa cha kufutia miguu. Kilikuwa chetu. Nikainua macho, binti amesimama mbele yangu, simu ameshaitia mkobani.

"Endelea, Mama," akasema. "Hujamaliza kumgombeza."

Nyuma yangu Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, uso kwenye viganja, analia kwa sauti kama mtoto. Nilimwacha alie kidogo. Kisha nikamwambia ainuke haraka, akayatoe yale mashati begini kabla hayajazidi kukunjamana.