Moshi wa Mzee Kalibu

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kalibu, kwa ajili ya kalibu za mchanga alizomiminia alumini iliyoyeyuka ikatoka sufuria. Wenye ndimi nzito walimwita Mzee Karibu, nao hawakukosea sana, maana mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kupenda wageni. Mtu akipotea njia akaingia karakanani kwake kuuliza, alitoka ameshiba, na mara nyingi bado hajaelekezwa.

Kwa huyo ndiko mpwa wake, binti wa dada yake, alikokwenda kufanyia utafiti wa chuo kikuu. Karakana nyingine zilizoyeyusha vyuma chakavu zilimfungia geti. Kwa mjomba alijua geti halina hata komeo.

Utafiti wenyewe ulihusu moshi. Binti alikuwa ametengeneza modeli ya kompyuta: unaipa urefu wa bomba la moshi, joto la tanuri, nguvu ya upepo na majengo ya jirani, nayo inakuchorea ramani ya mtaa, kijani penye hewa safi, nyekundu penye balaa. Lakini modeli ni kama mtu mwenye maneno mengi, humwamini mpaka apatikane shahidi. Shahidi alikuwa kifaa cha kupimia vumbi la hewani, kisanduku cheupe chenye pua ndefu, ambacho chuo kilimkabidhi kwa maonyo mengi kuliko anayopewa bwana harusi.

Siku ya kwanza alikuta tanuri limezimwa, sakafu imepigwa deki, na mafundi wamevaa mashati yaliyonyooshwa, wamekaa kwenye mabenchi kama wanasubiri kupigwa picha. Mjomba alimpokea kwa soda baridi. Alipouliza kazi iko wapi, aliambiwa kazi haikimbii, mgeni kwanza. Kifaa kilipima hewa safi kuliko ya maktaba ya chuo.

Akarudi bila taarifa. Haikusaidia, kwani fundi wa kuchomelea aliyekaa getini alimwona kwa mbali, akagonga ringi ya gari iliyoning'inia, na binti alipofika alikuta tanuri limezimwa na mafundi wanaosha ubao wa matangazo. Akajaribu asubuhi na mapema, akajaribu wakati wa chakula cha mchana. Kila mara, soda. Kila mara, hewa ya peponi.

Profesa aliyemsimamia alitazama takwimu zile akashika tama. "Modeli yako inasema mtaa unakufa," alisema, "na kifaa chako kinasema mtaa uko peponi. Mmoja wao ni mwongo, na kifaa ndicho kilichonunuliwa kwa fedha za chuo." Akaahidi kwenda mwenyewe Alhamisi kuona.

Binti alifika kwa mjomba wake maji yamemfika shingoni, akaona bora amweleze wazi.

"Mjomba, mimi sikuja kuvuta hewa nzuri. Nimefuata moshi. Nautaka huo moshi."

Mzee Kalibu aliweka gilasi chini taratibu. Kilichomuuma si kuambiwa ana moshi, bali kwamba mtoto wa dada yake alikuwa akija na kuondoka siku zote hizo bila kupewa alichofuata.

"Ungesema mapema, mwanangu. Moshi tunao."

Binti alimsihi mambo yawe ya kawaida tu. Profesa anakuja, lakini kawaida tu. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Bahati mbaya, katika maisha yake hakuwahi kumpokea mgeni kwa kitu cha kawaida.

Alhamisi profesa alikaribishwa kwenye kiti cha mbele. Mjomba aliinua mkono, na mafundi wakawasha. Tanuri lilikuwa sehemu ndogo tu ya shughuli. Palikuwa na matairi yaliyopangwa kama keki, mlima wa nyaya zenye plastiki, oili chafu, na godoro la sponji alilolitoa jirani kama mchango wake kwa elimu. Moshi ulisimama mweusi, ukafikiri kidogo, kisha ukaangukia wageni. Profesa, aliyefundisha uchafuzi wa hewa tangu ana nywele, alitokwa na machozi asiweze kuona kalamu yake. Kifaa kilipanda hadi namba ya mwisho, kikalia mara moja, kikazima. Katikati ya giza ilisikika sauti ya mjomba ikiuliza kwa unyenyekevu kama moshi unatosha au waongeze.

Zimamoto, waliokuwa na sifa ya kuchelewa, siku hiyo waliwahi. Walimwagia maji tanuri, matairi, na profesa pia. Mzee Kalibu aliwapokea wote kwa soda.

Aliyemwokoa binti ni mkazamjomba, mke wa Mzee Kalibu, mwanamke wa maneno machache. Alimkuta binti uani, chini ya kamba ya nguo, akikausha kifaa kwa shuka iliyowahi kuwa nyeupe.

"Mume wangu ukimwambia unampima, utapima adabu zake," alimwambia. "Kifunge dirishani kwangu, ghorofani, panapotazama karakana. Tumwambie kinafukuza mbu."

Ikawa hivyo. Kifaa kilipona, kikafungwa kwenye dirisha la chumba cha kulala, na karakana ikaendelea na maisha yake bila mgeni: tanuri likiwaka, nyaya zikichomwa kupata shaba, mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri, yakimwagwa nyuma ya ukuta. Mzee Kalibu alikuwa akiwaambia watu kwamba mbu kweli wamepungua.

Takwimu zilipoingia kwenye modeli, zilikubaliana na ramani, na mara hii binti akaitazama ramani kwa karibu. Doa jekundu kuliko yote halikuwa kwa majirani. Lilikuwa kwenye dirisha lile lile, upande anaolala mjomba. Tangu mzee aongeze ghorofa, bomba la moshi lilibaki fupi kuliko paa; upepo ulipita juu ya nyumba, ukajikunja nyuma ya ukuta, ukauvuta moshi chini na kuuingiza chumbani. Kila asubuhi mzee alikohoa, na kila mara alilaumu mto. Alishatoka kwenye manyoya akaenda kwenye pamba, akatoka kwenye pamba akaenda kwenye sponji.

Binti alimwonyesha ramani, akakiri pia habari ya mbu. Mjomba alisamehe mbu haraka; jekundu ndilo lililomshinda. Aliuliza, je, bomba likiinuliwa? Binti akabonyeza. Jekundu likahama chumbani, likavuka barabara, likatandaza utaji wa rangi ya chungwa juu ya shule ya chekechea.

Mkazamjomba alimtazama mumewe.

"Lishushe," mzee alisema. "Lirudishe kwangu kwanza, tufikiri."

Walifikiri. Nyaya zikaacha kuchomwa. Mafundi wakatengeneza mashine ya kisu cha kuzimenya kama mihogo. Oili chafu ikapigwa marufuku tanurini. Kwa moshi uliobaki, mzee aliunda pipa kubwa lenye mabomba ya kuogea ndani, moshi ukipita unaoshwa kwa maji kabla ya kutoka. Binti alipima tena, na mara hii hakuna aliyemzimia tanuri, kwani mwenye mali alitaka kusifiwa akiwa kazini. Ramani ilitoka ya manjano. Mjomba alijaribu kupatana bei: kwani manjano ile haikuwa na kijani kidogo ndani yake? Binti alikataa katakata. Ni manjano, mjomba.

Binti alishinda mtihani wa kutetea utafiti wake, ingawa profesa aliiondoa Alhamisi ile kwenye hesabu zote na hakutaka izungumzwe.

Wiki iliyofuata alikwenda kuaga. Mjomba alimpeleka nyuma ya karakana, kwenye pipa, akafungua bomba la chini. Yakatoka maji meusi tii, mazito kama uji, yakajaza ndoo.

"Haya sasa niyapeleke wapi?"

Binti alichungulia ndoo. Akasema modeli yake ni ya hewa tu. Maji ni fani ya wengine, na hata yeye asingethubutu kuyamwaga mtaroni. Mjomba alitikisa kichwa, akaufunika mdomo wa ndoo kwa kifuniko cha sufuria, wakasimama pale wawili wakiitazama.